Aliyebadilisha Breka ya Bi Zuhura

Ami Twalib,

Mungu akupumzishe, ingawa leo nakusumbua. Nyumbani kwako Ndia Kuu kumetokea jambo, na nimehangaika kumtafuta mwenye kosa.

Unaikumbuka breka ya jikoni, iliyokuwa ikimkatia Bi Zuhura umeme kila akijisahau? Tangu uondoke imenyamaza. Mkeo anawasha oveni, birika na lile jiko dogo la umeme, vyote pamoja, na haikati. "Umeme umeshika adabu," aliniambia, amefurahi. Mimi nikashika ukuta nyuma ya oveni. Moto, kama paji la mtoto mwenye homa.

Nikajua kuna aliyebadilisha breka, nikamshuku jirani yenu Shebe, aliyeingia na kutoka siku zote za matanga, na ambaye hakuna kazi ya watu asiyoijua. Nilimhoji barazani mbele ya watu, kwa sauti ya askari. Akanitazama: "Athmani, mimi hata balbu nabadilishiwa na mke wangu." Watu wakacheka. Nikazidi kumshuku, mtu asiye na kosa hajibu haraka hivyo.

Nikafungua boksi la umeme. Breka ya ampea thelathini na mbili! Na waya ni ule wako mwembamba wa milimita mbili na nusu, uliouwekea breka ya ishirini. Ndani ya kifuniko hesabu yako ya penseli ipo bado: oveni wati 2400, birika 2200, jumla 4600, gawa kwa volti 240, ampea 19 na kitu. Ongeza jiko la 2000, zinafika 27 na nusu. Breka ya ishirini ingekata. Hii inauacha waya upikike ukutani, na mkeo amesimama pale pale.

Chini yake, kwa ile sheria yako kwamba anayebadilisha aandike jina, palikuwa na mwandiko mwingine: "Athmani. Ya muda tu."

Ami, ni mimi.

Siku ya hitima yako umeme ulikatika mara tatu chai ya watu ikiwa jikoni. Macho yamejaa, sioni vizuri, nikatoa breka iliyokuwa mkobani nikasema kesho nitairudisha ile. Hesabu sikuandika. Nikasahau kabisa, kesho ikawa miezi minne. Na ulivyonichosha, ukinifundisha kazi, na lile neno lako, "Hisabu kwanza, Athmani, bisibisi baadaye"!

Shebe nimemwomba radhi barazani, mbele ya walewale. Amenisamehe kwa sharti kwamba balbu zao sasa nibadilishe mimi.

Waya nimeutoa, umeshakakamaa. Nimevuta mpya na kurudisha breka ya ishirini. Jana mchana Bi Zuhura akawasha vyote vitatu, makusudi. Tukangoja. Dakika chache, tak! Jiko zima kimya. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akacheka, halafu akajifuta macho kwa leso.

"Huyo sasa ndiye mume wangu," akasema.

Lala, Ami. Naahidi sitagusa breka ya nyumba yoyote kabla ya kuandika hesabu kifunikoni. Hata nikiwa nalia. Hapo hasa.

Mwanagenzi wako mzee,
Athmani