Tope la Vifaru vya Venyamin

Venya,

Supu ya kabichi iko jikoni, ipashe moto. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi ulinuna ukatoka bila kunisikiliza. Jana niliona vifaru vyako vidogo vya kivita vina matope, nikaviosha kwa sabuni. Ningejuaje kwamba tope lenyewe ulilipaka kwa brashi wiki nzima? ~~Mtu mzima na vita vya mezani!~~ Nisamehe, mzee wangu.

Nimekwenda ufukweni, pale babu yangu aliposhuka vitani na wanamaji wenzake, vifaru vyao vikazama nyuma yao bila wao kujua. Nitakuletea kopo la tope la palepale, uvipake upya.

Ila kwenye mchezo wa kesho, hakikisha vinafika nchi kavu. Babu alivingoja siku tatu.

Mkeo, mwosha vifaru