Mlivyonificha Msiba wa Mama

Hamburg

Dada Koku,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na shemeji amerudi salama kutoka Sengerema. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu utaanza kulia, nami nitaishia kukubembeleza, na safari hii sitaki kukubembeleza.

Unajua nilivyohangaika huku. Mwanzoni niliosha masufuria. Kisha nikapata kazi ya kupiga piano hotelini, wageni wakila na kuongea. Mmoja aliweka glasi ya bia juu ya piano akaniomba nipunguze sauti. Nimewapigia piano waimbaji wasiojua hata jina langu. Miaka tisa, dada, ndipo jina la Muganyizi likabandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa jazi, mimi na wenzangu wawili, mpiga ngoma na mpiga besi.

Jumamosi ile ya onyesho, mchana, nilikupigia. Nilisema, "Nipe Mama, nimwambie leo napiga ule wimbo wake wa kanisani."

Ukanijibu, "Mama amelala."

"Saa hizi mchana?"

"Amechoka. Mwache apumzike. Wewe nenda kapige vizuri."

Nikacheka. Nikakuomba umwambie kwamba sitaupindisha sana kwa jazi yangu. Ukasema, "Nitamwambia."

Nikaenda, nikapiga. Mama ndiye aliyenikalisha kwenye kinanda cha kanisa pale Kirumba, miguu yangu ikiwa haijafika chini, akinipiga kidoleni kila mkono wa kushoto ulipokimbia. Jioni ile haukukimbia. Nilianza wimbo wake polepole kama alivyoupiga yeye kwenye ibada, kisha nikaufungua, wenzangu wakaingia. Tulipomaliza watu walisimama. Nilifurahi, dada. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jumatano iliyofuata Deo, yule tuliyeimba naye kwaya, akaniandikia: "Pole sana kaka, samahani nimechelewa. Nilikuwepo bandarini tulipomsindikiza Mama." Nikadhani amekosea namba. Kumbe nilipokuwa nacheka nawe kwenye simu, Mama alikuwa ameshavushwa kwa meli hadi Bukoba, mmeshamzika kwenye migomba pembeni ya Baba, nawe unaongea nami ukiwa umekaa matangani.

Nilimpigia Shangazi, akaniambia wewe ndiye uliyesema mbele ya wote, "Asiambiwe mpaka amalize. Nafasi hii ameitafuta maisha yake yote." Nani alikuambia ilikuwa kubwa kuliko Mama? Ungeniuliza! Labda ningechagua vibaya, lakini ningechagua mwenyewe.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Watu wa ukumbi walirekodi jioni ile, sasa wanataka kuitoa rekodi hiyo. Wanasema sijawahi kupiga vile, na ni kweli. Nimeisikiliza mara moja tu. Yule anayepiga ni mtu ambaye mama yake yuko hai. Nimewakatalia. Mpiga besi hasemi nami tena, maana hata yeye alikuwa ameisubiri siku hiyo. Tangu hapo sijagusa piano.

Nimeomba ruhusa, nakuja mwezi ujao. Usije kunipokea. Nitakwenda Bukoba kwanza, peke yangu, halafu nitavuka ziwa kuja kwako. Siku hiyo utakaa chini unisimulie yote: nani alimwosha, waliimba nini, kinanda alipiga nani. Kisha utaniambia kama aliniulizia. Kama hakuniulizia, sema hivyo hivyo. Usinionee huruma tena.

Msalimie shemeji. Watoto waambie mjomba wao anakuja. Shangazi mshukuru kwa niaba yangu, yeye nilipomuuliza alinijibu. Wewe bado nina hasira nawe, na sijui zitaisha lini. Lakini kwa kuwa Mama hayupo, sina mwingine wa kumwandikia.

Mdogo wako,
Muganyizi