Mfano wa Neno Stubborn

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi manyunyu.

Neno la leo la Kiingereza lilikuwa stubborn, yaani mkaidi. Nikaandika mfano wake humu daftarini: mama yangu ni mkaidi, mguu umemvimba na hospitali hataki kwenda.

Mama alikuwa akichambua mchele. Akauliza kama kawaida yake, "Leo umemwandika nani?"

Nilitaka kumdanganya. Nikamsomea kwa Kiswahili, yote.

Akachambua mpaka mchele ukaisha.

"Na nikifa, daftari litabaki likinisema hivyo?"

"Litabaki, mama."

"Basi kesho twende. Tukirudi, neno hilo ulifute."

Baibui lake ameshalitundika mlangoni. Naogopa atakayosema daktari. Sitalifuta, ila nimeacha mstari mmoja mtupu chini yake, kwa mfano wa kesho.

Saa tano na robo, nalala.