Wanaopita Mbele ya Tribini

Uvira, Mulongwe

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote waliokaa mkekani kusikiliza barua hii ikisomwa. Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema tuko wazima sana, maana unanijua, nikidanganya inasikika hata kwenye karatasi. Tunapumua, tunakula tulichopata, na mjukuu wako Neema anakwenda masomo. Na ninyi huko Moba? Mihogo imekubali mwaka huu? Mbuzi wa Shangazi angali anatafuna nguo za watu kwenye kamba?

Papa katekista, wewe unayemsomea Mama, nakuomba usome pole pole na usiruke mstari. Najua unapenda kufika mwisho upesi ili ukaribishwe chai. Leo chai ingoje.

Mama, ujumbe wako ulifika kwa mdomo wa mwenye boti ya samaki wakavu. Alisema umesema hivi: defile ya mwaka huu, yale maandamano ya askari, ikipita na mwanao Sadiki aliyekwenda vitani asionekane, basi. Utakata mgomba, utauvisha shuka, mtauzika nyuma ya nyumba kama inavyofanywa kwa muntu ambaye maiti yake haikurudi. Mtanyoa vichwa, na Riziki mkewe ataachiwa arudi kwao, aolewe akitaka. Umesema umechoka kumwekea sahani muntu asiyefika. Umetaka nikuandikie neno moja tu, nimemwona au sikumwona. Sikukasirika, Mama. Nililia, lakini sikukasirika, maana hata mimi nimechoka.

Nimechoka na mengi. Mto Mulongwe umeingia tena ndani ya nyumba, umeondoka na sufuria na viatu vya Neema, umetuachia matope. Kitanda tumekiinua juu ya matofali, ukilala unajiona uko darini. Baba Neema angali anabeba mizigo kule bandarini Kalundu, lakini boti ni chache na mgongo wake unalia kila asubuhi. Mimi ni kuanika na kuuza zile zile ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Na siku mbili kabla ya defile tulipitiwa na megafoni: soko linafungwa, kila kartié, kila mtaa, utoke barabarani, tukumbuke ushindi. Ndagala zangu zilikuwa hazijakauka vizuri. Zikaharibika zote, nikawapa bata wa jirani.

Usiniulize ni ushindi gani. Kila mwaka mkubwa anasimama anasema vita tumeshinda, na kila mwaka watu wa Bijombo wanashuka milimani na magodoro kichwani. Mimi siko mwanasiasa. Ninakwenda kwenye ile defile kwa ajili ya mutoto wako, hakuna lingine.

Nikueleze namna tunavyofanya, kwa sababu hujaiona. Askari wakiwa barabarani wanaangalia mbele tu, shingo ngumu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Humtambui muntu. Lakini wakifika mbele ya tribini, pale wanapokaa wakubwa, komanda wao anapiga kelele, “Tête à droite!” na wote wanageuza uso kuume kwa mara moja. Hapo ndipo nyuso zinaonekana. Kwa hiyo sisi wenye watu waliopotea hatusimami popote tu. Tunakuja mapema na vigoda vyetu, tunajibana kwenye kamba ubavuni mwa tribini, na wakubwa wanafikiri tumekuja kuwapigia makofi. Kisha tunaita majina. Siyo yale ya jeshini, ni yale ya nyumbani, ya utotoni. Askari haruhusiwi kuitika, lakini akisikia jina lake anakanyaga chini kwa nguvu kuliko wenzake, na mama yake anajua. Mwaka uliopita mama mmoja wa Kavimvira alisikia buti la mwanawe, akajitupa kwenye vumbi akipiga vigelegele. Polisi walidhani amezimia kwa jua.

Basi na mwaka huu nilikuwa pale pale. Fanfari ikapita na tarumbeta zake. Watoto wa shule wakapita, walikuwa wamesimamishwa juani toka asubuhi, mmoja akaanguka, wakammwagia maji na kumsimamisha tena. Mkubwa akasoma hotuba yake, ushindi, ushindi, ushindi, mpaka neno lenyewe likakosa chumvi. Ndipo wakaja askari, buti zinang'aa ajabu, ungeweza kujitazama ndani yake. Nikaanza kumwita Sadiki kwa jina lake la nyumbani, “Kalume! Kalume wa Moba!” Mama, unajua koo langu. Hata mkubwa mmoja pale juu aligeuka kuniangalia. Katika pelotoni ya pili ya askari nikaona masikio yetu kabisa, haya makubwa ya marehemu Baba, nikapanda juu ya kigoda. Akageuza uso. Siyo yeye, alikuwa kijana wa watu wengine, ndevu bado kuota. Nikaendelea kuita mpaka wa mwisho akapita, na nyuma yake mchungaji akavusha ng'ombe wake, na watu wakaanza kukunja vigoda. Mimi nikakaa. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kukuandikia: Mama, sikumwona.

Sasa pembeni yangu alikuwapo mama mmoja mwenye kuuza chai, wanamwita Mama Anzuruni. Alikuwa akiosha vikombe vyake, ananiangalia.

“Weye kila mwaka uko hapa,” akasema. “Unatafuta nani?”

“Ndugu yangu.”

“Alipigana wapi?”

“Kule juu, Bijombo.”

Akasonya. “Na kila mwaka unatafuta mwenye kutembea?”

“Sasa nitafute nani?”

“Dada, hapa banapita bazima. Nani atapita na magongo mbele ya tribini? Bwana yangu mwenyewe iko ku depo, mukono haiko. Twende nikuonyeshe, kama uko na roho nguvu.”

Mama wee! Miaka yote hii! Sisi wote pale kwenye kamba, wanawake wenye akili zetu, tunatafuta watoto waliokwenda vitani, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba muntu anaweza kurudi amepungua. Tulimtaka mzima au maiti. Katikati hatukuangalia.

Depo yenyewe ni lile ghala la zamani la pamba, iko nyuma ya barabara ile ile, upande wa ziwa. Siyo mbali, unasikia fanfari vizuri kabisa. Askari walioumia vitani wanakaa mule na wake zao na watoto wao, nguo zimeanikwa madirishani, sufuria ya sombe, majani ya mihogo, inachemka uani. Hakuna aliyewafungia. Ni kwamba siku ya defile waliambiwa watulie huko wasizibe njia, wakatulia. Na Sadiki wetu alikuwa amekaa juu ya bidoni ya njano, dumu la maji, mgongo ukutani, vidole vyeusi. Amekonda, ndevu zimejaa. Mguu wa kuume umeishia pajani, suruali imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya kiatu.

“Kalume,” nikasema.

Hakuinua uso. Akajibu, “Nilikusikia.”

“Ulinisikia lini?”

“Asubuhi hii. Na mwaka jana. Sauti yako njo ile ile ya kufukuza kuku.”

“Na hukuitika?”

“Ningekanyaga na nini?”

Nikampiga kofi, Mama. Wake za watu wakapiga kelele. Nikampiga na la pili, kisha nikamkumbatia, akanuka dawa ya viatu mpaka machozi yangu yakawa meusi. Akaniambia, “Usiniletee kilio hapa, batu banaangalia.” Naye alikuwa analia zaidi yangu.

Kisha akaniuliza, “Buti ziling'aa?” Nikasema ziling'aa sana. “Mimi, minye njo nilizipaka dawa,” akasema. “Zote. Basi na minye nilipita.”

Alinieleza kwa kifupi, yeye na maneno mengi unajua hawajawahi kupatana. Aliumia kule juu. Wenzake walimbeba kwenye machela kwa vile vijia vya milimani hadi hospitali ya Lemera, na huko ndiko mguu ulikoondolewa. Anasema walimtunza vizuri, hana neno nao. Mwanzoni hakuandika kwa sababu ya homa. Homa ilipoisha, aibu ikakaa mahali pake. Akajiambia ataandika akizoea magongo. Akayazoea, hakuandika.

Nikamwambia kuhusu ujumbe wako, mgomba na yote. Nilidhani atashtuka. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Mama anasema kweli. Mwandikie hukuniona. Siyo uongo, ku defile hukuniona. Alie mara moja, aishe. Riziki aolewe na muntu wa kulima, wa kuvuta wavu. Minye nikirudi nitafanya nini, kulishwa kama mutoto?”

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia kuhusu sahani unayomwekea. Akageukia ziwa. Kesho yake Baba Neema aliazima mkokoteni bandarini, akaenda kumchukua bila kumwomba ruhusa. Alimpakia kama gunia na kumwambia, “Shemeji, ukitaka kukimbia, kimbia.” Ndiyo mara ya kwanza tangu nimpate nilimsikia Sadiki akicheka.

Sasa yuko hapa kwangu, juu ya kile kitanda cha matofali, sisi tunalala chini. Ana hasira, ndagala zangu anasema zina chumvi nyingi, Neema akigusa magongo yake anafokewa. Lakini jana nilimkuta anamfundisha kufunga kamba za viatu, viatu vyenyewe vya kuazima. Kila siku ananiuliza, “Umeandika?” Ninamwambia ninaandika. Naye anajua atakacho, nami ninajua ninachoandika.

Kwa hiyo Mama, jibu lako ni hili: nimemwona. Mgomba uache uzae. Vichwa msinyoe. Sijakuambia nitakuletea mwanao, kwa maana hajakubali. Anasema hawezi kushuka botini pale Moba watu wote wamesimama ufukweni wakihesabu miguu yake. Siwezi kumbeba kwa nguvu mpaka huko, na sina nguvu nyingine iliyobaki. Niliyokuwa nayo niliimaliza kwenye ile kamba, miaka yote hii.

Riziki ni dada yangu kuliko wifi yangu, ndiyo maana sitaki kumwamulia. Na Sadiki asimwamulie, na wewe Mama, nisamehe, usimwamulie. Mwambie ukweli wote jinsi ulivyo. Mguu mmoja, hasira nyingi, na akisahau kidogo anacheka kama zamani. Akishasikia hayo aseme mwenyewe kwa mdomo wake kama anangoja au anakwenda. Akienda, hakuna atakayemtukana mbele yangu.

Nisalimie Shangazi, umwambie maombi yake ya alfajiri niliyokuwa nayacheka, sicheki tena. Nisalimie Baba Mudogo na mitumbwi yake, aweke ubao mmoja mzuri kando, huenda tukahitaji kigoda kirefu chenye mgongo, cha Sadiki akikubali kurudi. Msalimie jirani yetu mkunga aliyetupokea sote. Papa katekista, asante, umesoma vizuri, chai yako ni halali sasa.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini roho ilinisuta, sikutaka kumzunguka ndugu yangu nyuma ya mgongo wake. Basi nimemsomea barua nzima toka juu. Nilipofika pale pa Riziki nilingoja anipokonye karatasi. Hakuipokonya. Alikuwa anakwangua weusi kwenye kucha zake. Nikamuuliza, “Niichane?”

Akasema, “Barua yote hiyo, na hukumuuliza Mama magoti yake. Nilipotoka yalikuwa yanamuuma sana. Muulize.”

Nimekuuliza, Mama. Lakini jibu umpelekee yeye.

Sisi watoto wako wawili wa Uvira,
Mapendo na Kalume