Ningekuwa na Shaka, Ningemuuliza Nani?

Mpendwa Baba,

Nimeshindwa kusubiri. Ugali unapoa, wajukuu wako wananiita, na mimi nimekaa hapa kibarazani Ilembo nakuandikia, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Lazima nikwambie kilichotokea leo kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa!

Unakumbuka tulipomzika kaka Masanja? Nyoka alimgonga machungani, akafia mikononi mwako mkiwa njiani kwenda hospitali. Wiki iliyofuata jumuiya ilisali kwetu. Wakati wa maombi ulisimama, kofia mkononi, ukasema kwa sauti, "Mungu, asubuhi ile nilikukabidhi mtoto wangu. Ulikuwa unatazama wapi?"

Watu waliinamisha vichwa. Mwenyekiti akakukatiza. "Baba Masanja, shaka ni dhambi."

"Sina shaka, mwenyekiti. Ningekuwa na shaka, ningemuuliza nani?"

Tangu siku hiyo hawakukupa tena somo la kusoma kanisani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona aibu. Jumapili tukienda kanisani nilikuwa natangulia na akina mama, nisionekane niko na wewe. Nisamehe, Baba. Wewe hukuacha kwenda, na kila jioni nilikusikia zizini, katikati ya ng'ombe, unauliza swali lile lile. Nilidhani imani imekutoka.

Ulipofariki, mimi sikuuliza kitu. Niliimba kwaya, nilifagia kanisa, na kila aliyenipa pole nilimjibu, "Ni mapenzi ya Mungu." Moyoni sikuamini kama kuna anayenisikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shaka yenyewe, na hakuna aliyenikemea, maana ilikuwa kimya na imevaa sare ya kwaya.

Sasa leo ikafika zamu yangu ya kuombea jumuiya. Nikafungua mdomo niseme yale ya siku zote, yakagoma. Yakatoka mengine kabisa: "Mungu, miezi saba nilikuomba umponye baba yangu. Mbona ulinyamaza? Nimekukasirikia!"

Nikasubiri kukatizwa. Badala yake akasimama Mama Kulwa, yule muuza dagaa ambaye hajawahi kuomba mbele ya watu. "Na mimi nina langu," akasema, na akalisema lote. Akafuata mwingine, na mwingine. Mwenyekiti wa sasa akajifuta machozi kwa kanga, akasema, "Jamani nyie, kumbe wote tulikuwa tumebeba maswali moyoni!"

Majibu, Baba? Sijapata hata moja. Lakini njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nabishana na Mungu kwa sauti, nacheka, nalia, mpaka wa bodaboda aliyekuwa anapita akapunguza mwendo anishangae. Miaka miwili sijaongea naye hivyo!

Kama huko uliko majibu yapo, usininong'oneze. Niache nimuulize mwenyewe.

Pumzika salama.

Ni mimi, binti yako,
Kabula