Mapanki ya Wifi

Jumatano

Mabakuli matatu amemaliza! Wifi Adela, yule yule aliyenitamkia mbele ya mume wangu kwamba kwao Bukoba hawali mapanki, kwamba mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu ni ya kuwapa mbwa.

Leo nimeichemsha mifupa hiyo hiyo tangu asubuhi, kwa tangawizi na ndimu. Nikachuja supu, usibaki hata mwiba mmoja, nikaipikia ndizi alizokuja nazo.

"Wifi, leo umenunua samaki wa maana," akasema huku analamba kijiko.

Nikamwongezea bakuli la tatu.

Sasa anataka nimpikie supu hiyo Jumamosi, wakwe zake watarajiwa wakija kujitambulisha hapa. Naogopa mume wangu atanuna mwezi mzima dada yake akiumbuka mbele ya wageni. Lakini nimekubali.

Jumamosi sichuji.