Niwekee Pembe, Si Kiti

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imenifika hapa Shella. Sisi wazima, mama yako anapaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi yako. Umeniuliza kama ni kweli buibui aliniharibu moyo, na kama nitaiweza ngoma ya vugo, hiyo ya wanawake wa harusini.

Buibui huyo alijificha katika makuti niliyokuwa nikishona, akaniuma kidole. Nilikuwa bado mwari. Tumbo likakaza, jasho likanitoka, moyo ukanienda mbio. Nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, kisha nikapelekwa hospitali. Daktari alisema sumu imegusa moyo, akanilaza. Baadaye akanipima tena: "Umepona. Nenda kaishi."

Nyumbani hawakusadiki. Ikafika harusi ya dada yangu. Wanawake wote wakagonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, wakiimba vugo, mimi nikawekwa kitini.

"Kaa papo hapo, mgonjwa wa moyo," shangazi akanitania. "Usije ukatufia katikati ya wimbo!"

"Nikifa, umalizieni," nikamjibu, nikampokonya pembe yake.

Nakwambia leo nililowaficha wote, maana siku zangu zinakwisha: niliogopa mno. Kila pigo la moyo nilidhani ndilo la mwisho. Lakini kile kiti kilinitisha zaidi.

Sasa moyo umechoka kweli, kwa uzee, si kwa buibui. Mama yako amekwisha kuninunulia kiti chenye mto. Mwambie akikalie yeye. Mimi niwekee pembe.

Bibi yako,
angali anapumua